Mlevi, Mpishi wa Chang'aa na Sisi

Mlevi akipita twatikisa kichwa na kusema, "Dhambi yake mwenyewe." Ni kweli, lakini tutazame zaidi. Hapa kando ya ziwa, Kisumu, wavuvi wa omena hukesha majini kwenye baridi. Alfajiri hugawana pesa taslimu ufuoni, na chang'aa iko karibu kuliko benki. Naye anayeipika mtaani Obunga huenda ni mjane atafutaye karo, pengine huketi nasi kanisani. Serikali iliipiga marufuku mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010. Karo bado inadaiwa.

Madaktari hutufundisha kwamba uraibu wa pombe ni ugonjwa: mwili huizoea hata ukaidai. Basi tuwe na hadhari, sisi tunaowafungia walevi chumbani kwa maombi. Aliyekunywa sana miaka mingi, akiachishwa ghafula, aweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha kwanza, kisha akalipa gharama ya nyumba ya wageni. Tumwombee ndugu yetu tukiwa njiani kwenda hospitali, na yule mjane tumwulize karo imebaki kiasi gani.