Kutoka Kibaha hadi Nairobi, saa nyingi zinaliwa ardhini

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama kilomita 670 kwa mstari ulionyooka. Tiketi itakuandikia saa moja na robo, pengine na nusu. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inaanzia Kipawa na kuishia Embakasi, wakati msafiri wa Mkoa wa Pwani anaanzia mlangoni kwake.

Kisarawe na Kibaha ni majirani, ila mbele ya uwanja huo hawako sawa. Wa Kisarawe anateremka Pugu, anapita Gongo la Mboto na Banana, na ameshafika. Ni kama kilomita 20. Wa Kibaha ana karibu mara mbili ya hizo. Ama anyooke na Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, ashike Mandela hadi Tazara, au aiache Mbezi Mwisho akatize Malamba Mawili na Kinyerezi, atokee Banana. Upanuzi wa Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, umeleta nafuu kubwa. Kazi inabaki huku kwenye njia ya mkato. Jioni pale Banana daladala zinashusha na kupakia, bodaboda zinachomoka kila upande, na mwenye sanduku anatazama saa huku teksi haisogei.

Sasa jumlisha. Barabarani weka saa mbili ili uwe salama. Kwa safari ya nje unatakiwa uwanjani saa tatu kabla. Ongeza muda wa angani, kisha uhamiaji, mizigo na foleni ya Barabara ya Mombasa kule Nairobi. Hapo saa moja na robo imeshakuwa saa saba au nane.

Na basi la Nairobi linapita hapo hapo Kibaha, likielekea Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga. Ni kama kilomita 900, zaidi ya saa 12. Ndege bado inashinda, ila si kwa kiasi ambacho tiketi inatuaminisha.

Angalia pia saa za huko uendako. Nairobi na Dar hutumia saa zilezile. Kigali wako nyuma yetu kwa saa nzima, na kwa kuwa tiketi huandika saa za mahali pa kufikia, safari huonekana fupi kuliko ilivyo.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili la saa zinazoliwa ardhini tunayo tayari. Treni ya umeme iliyoanza Juni 2024 ina stesheni Soga, wilayani Kibaha, na nyingine Pugu, upande uleule wa uwanja. Kati ya stesheni hizo ni kilomita 32 za reli isiyojua foleni. Wahusika wa reli, viwanja vya ndege na usafiri wa nchi kavu wakae pamoja, waweke mabasi ya Pugu hadi Terminal 3 yanayofuata ratiba ya treni na ya ndege. Wasianze na mradi mpya. Waanze na mabasi hayo.