Chausson za Hannah

Wengi wetu tulikisoma shuleni: Les Quatre Filles du docteur March, cha Mmarekani Louisa May Alcott, cha mwaka 1868. Baba yuko vitani, pesa ni kidogo, na kila asubuhi Meg na Jo wanakwenda kazini kwa miguu katika baridi. Hannah, mtumishi wao, huwapa kila mmoja chausson ya moto. Inawapasha mikono njiani, halafu ndiyo chakula chao cha mchana.

Nilianza kuzioka mwaka ule baba ya watoto alipokuwa mbali, na watoto walienda masomoni tumbo tupu.

Unga wa ngano vikombe 2, majarini nusu kikombe, chumvi kidogo, maji baridi kidogo kidogo. Usiukande sana, utakuwa mgumu. Tunda ndilo lenye matata. Kata nanasi vipande vidogo, pika na sukari mpaka maji yaishe kabisa, kisha ngoja lipoe. Mara ya kwanza sikungoja: zote zilipasuka. Watoto walikwangua sahani wakicheka, mimi nikahesabu unga uliopotea.

Sukuma kwa chupa, kata miduara, tia nanasi, kunja, bana kingo kwa uma. Huna foro? Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake sahani ya bati. Makala mengi yawe juu ya kifuniko, machache chini. Dakika 30 hivi.

Binti yangu mkubwa huibeba yake ndani ya mfuko wa koti. Asubuhi za Bukavu nazo zina baridi yake.