Damu ile ilikuwa nyekundu mno

Msichana alikwisha kuchomwa kisu mara nyingi hata moyo ukaonekana kwa nje, unapigapiga, na kisu kikaurudia palepale. Mimi niligeuza uso. Dada niliyekaa naye akaangua kicheko.

“Mdogo wangu, hiyo si damu,” alisema. “Hiyo ni rangi ya geti.”

Wiki mbili kabla ya hapo niliitazama Suspiria peke yangu, usiku, taa zimezimwa. Ni filamu ya Mwitaliano Dario Argento, ya mwaka 1977. Binti wa Kimarekani, Suzy, anafika Freiburg, Ujerumani, kusomea dansi ya baleti katika chuo ambacho kumbe kinaendeshwa na wachawi. Hadithi ndiyo hiyo, hakuna zaidi. Nililala vizuri tu. Mchawi hakunifuata ndotoni. Kilichonikaa kichwani ni damu ya filamu hiyo, nyekundu inayoelekea chungwa, inayong'aa kama imetoka koponi sasa hivi. Mtu aliyehangaikia kila pazia na kila kioo cha filamu yake, alishindwaje na kitu ambacho mtoto wa kibanda umiza angekikosoa akiwa amekaa sakafuni?

Ndiyo maana nikabeba kompyuta mpakato hadi Kinondoni, kwa fundi wa mekapu ambaye amepika damu ya Bongo muvi tangu enzi za kanda za VHS. Jina lake ameniomba nisiliandike.

Nasema “amepika” kwa sababu anapika kweli. Sufuria, maji, sukari nyingi, moto mdogo, mpaka yawe mazito na kijiko kikiinuliwa kidondoshe uzi. Kisha rangi nyekundu ya chakula. Hapo, anasema, wanafunzi wake wote hukosea: wanaona nyekundu wanafurahi, wanatia chupani. Yeye anaongeza kakao, nusu kijiko, halafu tone moja la rangi ya buluu kwa ncha ya kijiti cha meno. Anakoroga, anachovya kipande cha shuka jeupe, anakipeleka mlangoni kwenye jua, anakipiga picha kwa simu, anarudi nacho ndani chini ya taa, anakipiga tena.

“Damu ina umri,” aliniambia. “Ya sasa hivi inang'aa. Ya saa moja imeanza kuwa kahawia pembeni. Ya jana ni kama kutu. Mwongozaji anakwambia ‘niletee damu’, wewe lazima umuulize, ya saa ngapi?”

Ya kumwaga nguoni anaitia sabuni ya maji kidogo, ili nguo ifulike, maana vazi la msanii mara nyingi ni la kuazima. Ya mdomoni haitii sabuni. Ya jeraha la panga anaikaza kwa unga wa wanga. Adui mkubwa wa kazi yake ni sisimizi. Aliwahi kumtazama marehemu wa kuigiza akivumilia msafara wa sisimizi shavuni hadi mwongozaji aliposema basi, kisha akainuka anapiga mayowe kuliko alivyopiga wakati wa kuuawa.

Sasa mtu wa namna hii unamwonyesha damu ya Argento. Alicheka mara mbili. Mara ya tatu, pale Suzy anapopita kwenye korido ya chuo, aliniomba nisimamishe. Kuta zile ni nyekundu. Si wekundu wa nyumba ya mtu. Ni wekundu wa ndani ya kinywa. Akauangalia ukuta, akaiangalia sufuria yake.

“Kumbe alijua,” alisema. “Damu yangu mimi ukiiweka pale inakuwa tope.”

Nikamweleza nilichokuwa nimesoma. Mpiga picha wa filamu ile, Luciano Tovoli, aliweka taa karibu kabisa na nyuso za waigizaji, akaupitisha mwanga kwenye vitambaa na karatasi za rangi. Nakala za kuonyeshwa zikachapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambayo wakati huo ilikuwa inakata roho: picha inatenganishwa kuwa rangi tatu, kisha kila rangi inagandamizwa juu ya filamu kwa zamu, kama kanga kiwandani inavyopigwa rangi moja, ya pili, ya tatu. Argento alitaka rangi za katuni ya Snow White ya Walt Disney. Ndani ya ulimwengu huo, damu ya kweli ingekuwa ndicho kitu pekee cha uongo.

Dada alikaa kimya kidogo. “Basi huyu hakutaka niamini,” alisema. “Alitaka nione.”

Sijasikia mhakiki akiisema filamu hii vizuri kuliko hivyo. Nguvu yake yote iko machoni na masikioni. Muziki wa bendi ya Goblin, wenye minong'ono na kengele ndogo kama ya mtoto, ulikuwa unapigwa kwa sauti kubwa wakati wa kurekodi ili waigizaji watetemeke kweli. Kipofu anayepiga piano anavuka uwanja mtupu wa Königsplatz, Munich, usiku, na mbwa wake mwenyewe, anayemwongoza kila siku, anamrukia kooni. Hakuna sababu inayotolewa, na ndiyo maana inatisha.

Udhaifu nao haujifichi. Kuelekea mwisho wa filamu Suzy anakutana na wasomi wawili nje ya jengo la kisasa, wanamsomea somo la uchawi kama wanasoma risala. Pale mwenyeji wangu alikwenda kuangalia sufuria. Midomo haifuatani na maneno, kwa kuwa kila mwigizaji alizungumza lugha yake na sauti zikaingizwa baadaye, ingawa sisi tuliokuzwa na sauti ya mtafsiri Lufufu juu ya filamu za Kichina hatuna haki ya kulalamika sana. Wasichana wazima wanatoleana ndimi na kutaniana kuhusu majina yanayoanza na S kuwa ni ya nyoka. Hilo lina maelezo: Argento aliwataka watoto wadogo, baba yake mzazi, aliyekuwa mtayarishaji, akakataa. Wakaletwa watu wazima, maneno yakabaki ya kitoto, na vitasa vya milango vikapandishwa juu ili wainue mikono kama watoto. Vitasa vimefanya kazi nzuri. Maneno hayakufanya.

Halafu kuna mwisho. Filamu inamwogopesha mtu kwa karibu saa moja na nusu juu ya Helena Markos, mkuu wa wachawi, kisha tunamkuta nyuma ya pazia, anakoroma, anachomwa shingoni mara moja, jengo linaungua. Mchawi wa karne nzima anakufa haraka kuliko kuku wa sikukuu.

Nilidhani mwenyeji wangu atacheka tena. Hakucheka. Alikuwa anamtazama Markos: kikongwe, ngozi imeoza, sauti imepasuka.

“Daima bibi,” alisema. “Hata kwa wazungu.”

Ndipo akanieleza kwa nini hataki jina. Kwao ni Shinyanga, na msomaji hahitaji kuelezwa vikongwe wa Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa kosa gani. Macho mekundu. Macho ya mtu aliyepuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka sitini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Bibi yake alikuwa nayo. Alikufa kitandani kwake, alhamdulillahi, lakini mlango wake ulifungwa kwa magogo mawili kila usiku.

“Na mimi kazi ninayoagizwa kila mwaka ni ile ile. ‘Dada, bibi mtie macho mekundu.’ Namtia. Penseli nyekundu, ndani ya kope. Nimewatia wangapi? Sihesabu.”

Nilijaribu kumfariji kwa jambo nililolijua. Suspiria iliandikwa na watu wawili, Argento na mwenzake Daria Nicolodi, na Nicolodi alisimulia kuwa mbegu ya hadithi aliipata kwa bibi yake, aliyewahi kusoma katika chuo chenye uchawi. Argento baadaye alilipinga hilo.

“Kwa hiyo bibi ndiye aliyesimulia,” alisema. “Sasa akageukaje kuwa ndiye wa kuchomwa kisu?”

Sikuwa na jibu, wala sijalipata tangu siku ile. Nikamuuliza kuhusu kazi yake ya Alhamisi, filamu aliyokuwa akiipikia damu ile ya sufuriani. Akasema ina bibi, na mwongozaji amekwisha kutuma ujumbe wa macho.

“Bado sijamjibu. Hebu nirudishie pale kwenye korido, nipige picha ule ukuta.”