Soriasisi haiambukizi, lakini krimu ya mtaani huichochea

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

Kwa mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière kila asubuhi, mikono ni sehemu ya biashara. Ndiyo inayobeba beseni la karoti, ndiyo inayopima sambaza, ndiyo inayopokea pesa upande wa Gisenyi na upande wa Goma. Mkono huo ukiwa na mabaka makavu yenye magamba meupe, mnunuzi husita, huuliza bei bila kushika kitu, kisha huhamia meza ya jirani.

Hofu hiyo ina sababu zake. Julai 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Goma, na kunawa mikono pamoja na kupimwa joto vikawa sehemu ya safari ya kuvuka mpaka. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, Kongo ikiwa kitovu chake na Rwanda ikiwa imekwisha kupata wagonjwa wa kwanza. Tangu hapo kila doa la ngozi linatazamwa kwa jicho la shaka. Lakini miongoni mwa wanaotiliwa shaka wapo wenye ugonjwa usioambukiza kabisa: soriasisi.

Kinga inapokosea

Ngozi ya kawaida hujibadilisha taratibu. Seli mpya hutokea chini, hupanda juu na kupukutika baada ya takriban mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili hufanya kazi kupita kiasi na kuiharakisha ngozi, hata kazi ya mwezi ikamalizika kwa siku chache. Seli hurundikana na kuwa mabaka mazito yenye magamba, hasa kwenye viwiko, magoti, kichwani na kiunoni. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo au kubanduka.

Picha nyingi za ugonjwa huu huonyesha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu, ndiyo maana mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi au pumu ya ngozi na kutibiwa hivyo kwa miaka.

Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi na vichocheo. Mtu huzaliwa na uwezekano wa kuupata, kisha kitu fulani huuamsha: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, sigara, au dawa kama klorokwini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Maambukizi ya VVU pia huweza kuuzidisha, hivyo kupima ni busara. Hata jeraha dogo huweza kuzaa baka jipya, na hilo linawahusu sana wabeba mizigo: kamba inayochuna bega au beseni linalosugua mkono ni kichocheo.

Kugusana, kushikana mikono, kula pamoja au kupokezana noti hakuambukizi soriasisi.

Krimu zinazovuka mpaka

Hatari kubwa huanza mgonjwa anapojitibu sokoni. Krimu nyingi za kujichubua, zile za mkorogo, huwa na steroidi kali, na baadhi zina haidrokwinoni au zebaki. Rwanda ilianzisha msako dhidi ya vipodozi vya aina hiyo mwishoni mwa 2018, lakini biashara yake haijaisha.

Steroidi hupunguza mabaka haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mgonjwa huona nafuu kwa wiki chache, hupaka zaidi, ngozi hukonda na kuchanika. Krimu ikimwishia au akiiacha ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, wakati mwingine ukafunika mwili mzima na kuhitaji kulazwa. Vidonge vya prednisoloni vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari vina hatari hiyo hiyo.

Matibabu yapo, tiba ya kudumu bado

Mei 2014 nchi wanachama wa WHO ziliitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza na usio na tiba ya kuumaliza. Unaweza kudhibitiwa, ngozi ikakaa safi kwa miezi au miaka.

Hatua ya kwanza ni nafuu: kulainisha ngozi kila siku kwa Vaseline au mafuta yasiyo na manukato, hasa baada ya kunawa kwa sabuni au klorini mpakani. Daktari huweza kuongeza dawa ya kulainisha magamba yenye asidi ya salisiliki, lami ya makaa ya mawe, steroidi ya kupaka kwa muda maalumu, au dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini D. Jua kidogo husaidia. Kuungua na jua huharibu.

Ugonjwa ukienea, ipo tiba ya mwanga na vidonge vya methotreksati. Vidonge hivi kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Kuvimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Havifai kwa mjamzito, na pombe navyo huumiza ini.

Maumivu na ugumu wa viungo asubuhi visipuuzwe, kwani soriasisi huweza kushambulia viungo na kuviharibu moja kwa moja.

Kwa mwenye mutuelle de santé, njia huanzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi, na ikibidi rufaa ya Kigali. Kuruka ngazi ni kujilipia mwenyewe. Anayelala Goma kwa biashara abebe dawa za kutosha pamoja na cheti chake.

Mwisho, tofauti muhimu. Soriasisi huja polepole, bila homa, na mabaka yake ni makavu. Malengelenge au vipele vyenye usaha vinavyotokea ghafla, pamoja na homa na tezi zilizovimba, vinaweza kuwa mpox. Mwenye dalili hizo asiende sokoni. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ana soriasisi ya miaka mingi.