Kutayarisha Nakala Mama ya Kompyuta za Vyama

Makatibu wa siku nyingi wanaikumbuka karatasi ya stensili: kosa moja likikatwa humo, nakala zote hutoka na kosa hilo hilo. Kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, hunakiliwa kwa namna hiyo. Fundi huitayarisha mara moja, pamoja na programu ya hesabu, na faili lake huwa nakala mama ya kugawiwa vyama vingi.

Taabu huanza pale nakala mama inapotolewa katika kompyuta iliyokwisha kutumika. Chukulia kwamba imetoka kwa chama cha kahawa cha Akeri, ikapelekwa Poli na Nkoaranga. Itakwenda na majina ya wanachama wa Akeri, kilo walizoleta, malipo yao, hata neno la siri la katibu wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, hivyo huo si uzembe mdogo. Kufuta peke yake hakutoshi, kwani kilichofutwa huweza kufufuliwa kutoka katika diski. Afadhali kuanza na kompyuta pepe mpya, isiyowahi kupokea hesabu ya mtu yeyote.

Hata hiyo mpya inao utambulisho wake, kama chama kilivyo na namba ya kuandikishwa. Katika Windows, programu ya Sysprep, ikiamriwa kwa neno generalize, huondoa utambulisho huo ili kila nakala ijipatie wa kwake inapowashwa mara ya kwanza. Katika Linux, fundi huliacha tupu faili la machine-id na kufuta funguo za SSH, baada ya kuhakikisha kwamba funguo mpya zitaundwa. Anwani ya kadi ya mtandao nayo ibadilishwe; kompyuta mbili zenye anwani moja katika mtandao mmoja hukatizana mawasiliano.

Usafi huo ukimalizika, kompyuta izimwe na inakiliwe ikiwa imezimwa. Mafundi wengi hukosea hapa: huiwasha tena "kuangalia tu", nayo hujipa utambulisho mpya, ambao nakala zote zitaurithi.

Kabla ya kugawa, nakala mbili ziwashwe pamoja, na majina na namba zake zilinganishwe. Katibu anayepokea abadili neno la siri siku hiyo hiyo, mbele ya mjumbe wa bodi.