Chini ya Mbau

Katika insha za wanafunzi wetu, msitu ni kivuli kimoja tu. Anayetafsiri habari za uhifadhi kwa fikra hiyo atapotosha. Tutazame Ituri, Kongo. Chini ya miti ya mbau mwanga ni haba mno, nayo majani yaliyodondoka huoza polepole hata yakawa tandiko nene. Mbegu ndogo ikiota humo, mzizi hukauka kabla ya kuufikia udongo. Mbegu ya mbau, kubwa na yenye akiba, hustahimili. Udongo wenyewe (wengi huushuku kwanza) hautofautiani sana na ule wa msitu mchanganyiko wa jirani. Mti mkubwa ukianguka, jua huingia na mangongo husitawi, yale majani mapana ambayo Wambuti huezekea vibanda vyao. Okapi naye huyafuata mapengo hayo kutafuta machipukizi.