Kuchagua Bomba la Moshi la Gari Lenye Tabo: Fizikia ya Gesi na Sauti Katika Matumizi

Jirani yangu wa Kikwajuni huchukua wageni kutoka mjini hadi Nungwi kwa Subaru Forester yenye tabo. Mwaka jana alinunua sailensa kubwa ya nyuma, ile yenye mdomo mpana unaong'aa, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya matairi. Gari likanguruma hadi watu wa Michenzani wakajua anakuja, lakini mwendo ukabaki uleule. Akaniuliza mimi, mwalimu wa fizikia, amekosea wapi. Jibu linagusa mada ambazo huna budi kuzijua kabla ya mtihani, kwa hiyo nimeliweka hapa.

Tuanze na tabo yenyewe. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, liitwalo turbini. Turbini imeunganishwa kwa shafti moja na kompresa, ambayo hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huungua na nguvu huongezeka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905.

Zingatia hapa. Watahiniwa wengi huandika kwamba turbini huzungushwa na kanieneo ya moshi. Jibu hilo halijakamilika. Turbini huzungushwa na tofauti ya kanieneo kati ya upande wa kuingilia moshi na upande wa kutokea. Ukipunguza kanieneo baada ya turbini, tofauti inakua, na tabo huanza kusukuma hewa mapema zaidi. Ule usemi wa mtaani kwamba injini "lazima ibanwe kidogo" hauna kazi baada ya tabo.

Basi bomba lipanuliwe wapi? Kwanza, pale linapotoka kwenye tabo. Hapo moshi ni wa moto sana. Gari likivuta kwa nguvu, halijoto inaweza kufika nyuzi 800 za Selsiasi. Tuseme mkiani umepoa hadi nyuzi 400. Kwa sheria ya Charles, kanieneo ikiwa takriban ileile, ujazo hulingana na halijoto katika kelvini: 673 ÷ 1,073 = 0.63. Moshi uleule ukifika mkiani unahitaji chini kidogo ya theluthi mbili ya nafasi ya mwanzo. Ukigawa 400 kwa 800 ukapata nusu, alama zimekwenda. Kosa hili nalisahihisha kila mwaka, na kila mwaka linaniudhi.

Kumbe jirani alipanua mahali ambapo hapakubana. Kipande kinachoteremka kutoka kwenye tabo ndicho kilichostahili fedha zake.

Kuhusu upana, kumbuka kwamba eneo hutegemea mraba wa kipenyo. Kutoka inchi 2.25 hadi inchi 3, uwiano wa maeneo ni (3 ÷ 2.25)² = 1.78. Kipenyo kimeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini njia ya moshi imeongezeka kwa asilimia 78. Mabadiliko makubwa hivyo yanaweza kuifanya tabo isukume hewa kupita kiasi, petroli isitoshe, na pistoni ziungue. Fundi anayefunga bomba pana bila kupima na kurekebisha kompyuta ya gari hajamaliza kazi.

Wapo pia mafundi wanaoshauri kutoa masega. Ni kweli kwamba masega huukinza moshi kidogo. Lakini ndani yake mna platini, paladi au rodi, vichocheo vinavyosaidia kugeuza kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, kuwa kaboni dioksidi. Ukiyatoa, sumu hutoka nzima, na taa ya injini huenda ikawaka kwenye dashibodi. Mimi ningechagua masega yenye vitundu vipana zaidi.

Sailensa je? Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na njia zake ni nyembamba, hivyo sauti huakisiwa ukuta hadi ukuta. Ongezeko la desibeli 10 maana yake ukali wa sauti umekuwa mara 10. Mwenye mtoto mchanga Shangani, gari likipita saa saba za usiku, hahitaji hesabu hiyo.

Mwisho, kutu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Katika safari fupi, kama Darajani hadi Forodhani, bomba halipati moto wa kutosha kuyakausha, na kwa nje kuna chumvi ya bahari. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini kwetu kisiwani hudumu zaidi kuliko chuma cha kawaida.

Jirani ameirudisha sailensa ya zamani na ile mpya ameiuza. Amenunua matairi, kipande cha mbele bado anakidunduliza.

Swali la kujipima: Lita 5 za moshi wenye nyuzi 727 za Selsiasi zinapoa hadi nyuzi 327 bila kanieneo kubadilika. Tafuta ujazo mpya. (Jibu: lita 3. Ukipata 2.2, rudi kwenye kelvini.)